Je, Kanisa moja linaweza kubeba mawazo mawili juu ya ndoa?

Wapendwa katika Bwana,

Nawasalimu ninyi mliokaa hapa kambini Muyinga miaka mingi, na ninyi mliovuka mpaka mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu na Bonde la Ruzizi. Mungu aliyewavusha awape nguvu ya kila siku.

Katika toleo hili nataka tuzungumze juu ya neno moja zito. Limetufikia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni simu. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani na Canada wanauliza: Mchungaji, kanisa tunaloabudu huku lina watu wanaoamini kwamba ndoa ni ya mume na mke, na lina wengine wanaobariki watu wawili wa jinsia moja. Wote wanakaribia meza moja ya Bwana. Tukae au tutoke? Mlango wa pili uko hapa hapa kwetu. Baba mwenye wake wawili amemwamini Yesu, anaomba ubatizo pamoja na jamaa yake yote. Wazee wengine wanasema abatizwe. Wengine wanasema amwache kwanza mke wa pili.

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini chini yake kuna swali moja. Kanisa likiwa na fundisho lake juu ya ndoa, lifanye nini na mtu ambaye maisha yake au mawazo yake hayalingani na fundisho hilo? Kuna wanaojibu upesi: afukuzwe. Kuna wanaojibu upesi vilevile: aachwe, kila mtu na dhamiri yake. Majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza linamsahau mtu, la pili linalisahau Neno.

Tunaposimama

Niseme kwanza ninapoamini, ili msisome hadi mwisho mkinitafuta. Katika Mwanzo mlango wa 2 Mungu alimwunganisha mume mmoja na mke mmoja. Bwana Yesu alipoulizwa juu ya talaka, katika Mathayo 19, hakujibu kwa desturi za wakati wake. Alirudi mwanzo, kwenye habari ya uumbaji. Huo ndio msingi wangu, na ndio msingi wa wengi wetu tuliotoka Kivu.

Lakini Biblia hiyo hiyo inatuonyesha mitume wakibeba tofauti. Katika Matendo 15 walikaa Yerusalemu wakashindana kwa maneno juu ya watu wa mataifa. Hawakuwabebesha tohara. Hata hivyo waliwaagiza wajiepushe na uasherati. Katika Warumi 14 Paulo anawaambia wanaokula nyama na wasiokula wasihukumiane. Katika 1 Wakorintho 5, huyo huyo Paulo anakataa kabisa kumvumilia mtu aliyeishi na mke wa baba yake. Kwa hiyo kuna mambo ambayo Kanisa hubeba, na kuna mambo ambayo halibebi. Kazi ngumu ni kujua jambo lililo mbele yetu ni la upande gani. Hapo ndipo Wakristo wengi waaminifu wameachana.

Tujifunze kwa majirani

Nimechagua kuwapa mfano wa Kanisa la Anglikana. Si kwa sababu ni bora kuliko mengine, bali kwa sababu ni jirani yetu, lenye dayosisi hapa Muyinga na nyingine Gitega, na kwa sababu limeandika maamuzi yake tangu zamani, kila mtu aweze kuyapima. Kanisa hilo halina papa. Karibu kila miaka kumi maaskofu wake wa dunia yote hukutana Uingereza, wakialikwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, katika mkutano unaoitwa Lambeth. Mkutano huo hutoa shauri, hautoi amri. Kila nchi au jimbo lina sinodi yake, nayo ndiyo inayoamua sheria za nyumbani. Shikeni neno hilo, maana ndilo linalofanya tofauti ziwezekane, na ndilo linaloleta maumivu pia.

Tuanze na wake wengi. Wamisionari walipofika Afrika walikuta wazee wenye wake watatu, wanne, na zaidi. Wengi walisema: chagua mmoja, waache wengine, ndipo ubatizwe. Mmoja alipinga. Alikuwa John William Colenso, askofu wa Natal kule Afrika Kusini, aliyefika huko katika miaka ya 1850. Alisema kumlazimisha mtu kuwaacha wake aliowaoa kwa desturi halali ya watu wake ni kumfundisha kuvunja ahadi siku ile ile anapomfuata Kristo. Na mwanamke aliyeachwa atakwenda wapi? Watoto wake watakuwa wa nani?

Hakufuatwa. Mwaka 1888 mkutano wa Lambeth uliamua, kwa kura 83 dhidi ya 21, kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Awekwe chini ya mafundisho hadi atakapoweza kuishika sheria ya Kristo. Juu ya wake zake, mkutano ulisema wanaweza kubatizwa katika hali fulani, na viongozi wa mahali waamue. Hapo kura zilikuwa 54 kwa 34. Mnaona kwamba hata siku ile maaskofu hawakuwa na moyo mmoja.

Shauri hilo lilidumu miaka mia moja. Wanaume waliotaka ubatizo waliwatoa wake zao nyumbani. Wengine walibaki nje ya mlango maisha yao yote, wakisikiliza mahubiri, wasishiriki meza. Wengine walikwenda kwenye makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, ambako baadhi yaliwapokea. Fundisho lilikuwa sahihi: mume mmoja, mke mmoja. Lakini malipo ya fundisho hilo yalitolewa na mtu ambaye hakuulizwa neno. Mwanamume alipata ubatizo. Mwanamke alipata njia ya kurudi kwa kaka zake akiwa na mtoto mgongoni.

Mwaka 1988 maaskofu walikutana tena, na safari hii Waafrika walikuwa wengi. Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hili. Walianza kwa kusema tena kwamba mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Kisha wakashauri kwamba mwenye wake wengi aliyeipokea Injili anaweza kubatizwa na kuwekewa mikono, yeye na wake zake walioamini na watoto wake, kwa masharti. Aahidi kwamba hataoa tena muda wote ambao mmoja wa wake hao yu hai. Ushirika wa mahali ukubali kumpokea. Na asilazimishwe kumwacha mke wake yeyote, kwa sababu ya ufukara na aibu vitakavyompata mwanamke huyo.

Tuangalie walichofanya na wasichofanya. Hawakusema kwamba wake wengi ni jambo jema. Hawakufungisha ndoa ya pili kanisani. Walichobadili ni namna ya kumpokea mtu aliyefika akiwa tayari na mzigo. Fundisho lilibaki mahali pake, na mlango ukawekewa ngazi.

Jambo hili lipo kambini mwetu

Mtu asiseme hizo ni habari za wazungu na wazee wa kale. Ninyi mnazijua dosiye za HCR. Sheria ya Marekani na ya Canada inamtambua mke mmoja tu. Baba mwenye wake wawili anapoitwa kwa mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, anaambiwa achague nani ataandikwa kuwa mke wake. Mwingine huandikwa peke yake na watoto wake, kama mama asiye na mume. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha kuwapokea wakimbizi, dosiye nyingi zimelala, lakini kuchagua kulikwisha kufanyika katika nyumba nyingi. Tazameni: lile Kanisa lililolazimisha mwaka 1888 na kuliacha mwaka 1988, leo ofisi inalilazimisha tena kwa kalamu. Na anayelipa ni yule yule, mama aliyeandikwa peke yake.

Sisi nasi tunajua jinsi wake wawili wanavyotokea wakati wa vita. Mtu hukimbia usiku, hupotezana na mke wake, hukaa miaka akidhani amekufa, huoa mwingine kambini, kisha habari hufika kwamba wa kwanza yu hai Nyarugusu, Tanzania. Mwingine humchukua mjane wa ndugu yake aliyeuawa ili watoto wasitangetange. Sheria ya Burundi inaitambua ndoa ya mke mmoja tu, na sheria ya jamaa ya Congo ya mwaka 1987 ni hivyo hivyo. Mchungaji hawezi kusema sheria hiyo ni mbaya. Lakini anapomwambia mtu kumwacha mke wa pili, lazima aweze kumjibu mama huyo atakapouliza: posho yangu itaandikwa wapi, na hema langu litakuwa lipi?

Ugomvi mkubwa zaidi

Sasa turudi kwenye simu za ndugu zetu. Kanisa la Anglikana lilipomaliza neno la wake wengi, lilikutana na neno la watu wa jinsia moja. Mwaka 1998 mkutano wa Lambeth ulipiga kura: 526 walikubali, 70 walikataa, 45 hawakuegemea upande wowote. Azimio hilo, ambalo maaskofu wa Afrika walilipigania sana, lilisema ndoa ni ya mume na mke maisha yote, kwamba matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, na kwamba mkutano hauwezi kushauri kubariki muungano wa namna hiyo.

Lakini azimio hilo lina upande wa pili ambao watu hawapendi kuusoma. Liliwaagiza Wakristo kuwahudumia watu wote kwa upole, wasikilize habari za maisha yao, na likakemea hofu isiyo na akili juu yao. Katika sentensi hiyo hiyo likakemea ukatili ndani ya ndoa. Baba anayelitaja azimio la 1998 kwa sauti kubwa, naye jioni anampiga mke wake, amelisoma nusu.

Lambeth ni shauri tu, kwa hiyo wengine hawakulifuata. Mwaka 2003 Kanisa la Episkopali la Marekani lilimweka wakfu askofu aliyeishi na mwanamume mwenzake. Mwaka 2015 liliruhusu kufungisha ndoa za jinsia moja, ila hakuna kasisi anayelazimishwa kuzifungisha. Mwaka 2008 maaskofu na Wakristo zaidi ya elfu moja waliopinga njia hiyo walikutana Yerusalemu, wakaanzisha umoja wao unaoitwa GAFCON. Mwaka 2023 sinodi ya Kanisa la Uingereza lenyewe ilikubali maombi ya baraka kwa watu wawili wa jinsia moja, bila kuyaita ndoa. Miezi miwili baadaye, Aprili 2023, GAFCON ilikutana Kigali, ikatangaza kwamba haina tena imani na uongozi wa Canterbury. Oktoba 2025 mwenyekiti wao, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, ambaye mwenyewe alikulia hapa Burundi kama mkimbizi, alitangaza kwamba wao ndio ushirika wa Anglikana wa dunia, bila Canterbury.

Hapa nataka mtazame mlima mmoja na mlima wa pili. Kanisa la Anglikana la Rwanda na la Burundi yanafundisha jambo moja juu ya ndoa: mume na mke. Lakini Lambeth ilipoitwa mwaka 2022, maaskofu wa Rwanda, pamoja na wa Uganda na Nigeria, walikataa kwenda. Burundi haikuwa miongoni mwa walioukataa mwaliko. Basi kilichowatenganisha si fundisho juu ya ndoa. Ni swali jingine: je, naweza kukaa meza moja na mtu ninayeamini kwamba amekosea katika jambo zito?

Aliyekataa kwenda ana hoja, wala tusimdharau. Anasema: nikikaa naye kila mara, watoto wangu watadhani tofauti yetu ni ndogo. Kunyamaza mezani huhesabiwa kuwa ni kukubali. Paulo alimpinga Petro mbele ya watu kule Antiokia, hakumvumilia kimya kimya.

Aliyekwenda naye ana hoja. Anasema: nikitoka, nani atalisema neno langu mle ndani? Mimi naliona jambo hili lina nguvu. Waafrika walikaa katika mikutano ile ambayo mwanzoni ilikuwa ya wazungu karibu wote. Kwa sababu walikaa, mwaka 1988 waliweza kuondoa dhuluma juu ya wanawake, na mwaka 1998 waliweza kulinda fundisho. Kama wangalitoka kwa hasira, kura 526 zingalitoka wapi?

Je, mambo haya mawili ni sawa?

Mtu mwerevu ataniuliza: Mchungaji, ikiwa Kanisa lilimpokea mwenye wake watatu, kwa nini lisiwabariki watu wawili wa jinsia moja? Je, si kwamba mnawahurumia wenye dhambi mnaowajua na kuwahukumu msiowajua?

Swali hilo ni la haki. Linatuuma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Wengi wetu tunavumilia nyumba ndogo, talaka za kienyeji, mahari ya mtoto wa miaka 15, kisha tunapata sauti tunaposikia habari za jinsia moja. Mwenye boriti atoe boriti kwanza.

Hata hivyo naona tofauti. Shauri la 1988 lilihusu kumpokea mtu na kumwomba ahadi kwamba hataendelea kuongeza. Lilikuwa na mwisho ndani yake: kizazi kile kikipita, jambo nalo linapita. Kinachoombwa sasa katika makanisa ya Magharibi ni kubariki, maana yake Kanisa liseme kwa jina la Mungu kwamba jambo hili ni jema na liendelee. Kupokea na kubariki ni matendo mawili. Mama humpokea mwanawe aliyerudi kutoka kwa wanamgambo, humwogesha, humpa chakula, habariki bunduki.

Wenye mawazo mengine watasema: lakini sisi ndio tunaolipa, kama wale wanawake wa zamani. Siwezi kusema kwamba hawalipi. Wapo waliopigwa, wapo waliofukuzwa na baba zao, wapo waliojiua. Gharama yao haigeuzi ninavyolisoma Neno, lakini inageuza ninavyopaswa kuwatendea, na inanikataza kusema juu yao kama watu wanaosimulia mzaha.

Nasema hivi nikijua tuko wapi. Sheria ya adhabu ya Burundi inawafunga watu wa jinsia moja kuanzia miezi 3 hadi miaka 2. Sisi ni wageni, tunaheshimu nchi iliyotupokea. Lakini mchungaji si polisi, na Kanisa si ofisi ya kupeleka majina. Kijana akija kwa mzee wa Kanisa akalia juu ya yaliyo moyoni mwake, siri hiyo ni ya Mungu. Ikienea bombani kesho yake asubuhi, anayepaswa kuitwa mbele ya komite ni mzee.

Vipimo vitatu

Basi, Kanisa moja linaweza kubeba mawazo mawili juu ya ndoa? Najibu: linaweza kubeba watu wenye mawazo mawili, na linaweza kuwabeba kwa muda mrefu, ikiwa linashika vipimo vitatu.

Kwanza, liseme fundisho lake wazi. Uvumilivu wa mtu asiye na fundisho si uvumilivu, ni uvivu. Maaskofu wa 1988 hawakufungua mlango kabla ya kutamka nyumba ni ya nani.

Pili, kabla ya kukaza sheria, liulize nani atalipa, na mtu huyo aitwe asikilizwe. Kama anayelipa ni yule ambaye hana kiti katika komite, sheria ipimwe tena. Neno la Mungu halihitaji kulindwa kwa machozi ya mtu asiyeulizwa.

Tatu, lisimlazimishe mtu kubariki asichokiamini, wala lisimruhusu mtu kumchukia asiyekubaliana naye. Kanisa linalomfunga mchungaji mdomo asilihubiri fundisho la ndoa limekwisha kuacha kubeba mawazo mawili, limechagua moja. Na Kanisa linaloshangilia mtu akipigwa limeacha kuwa Kanisa.

Kwa ndugu zetu wa Marekani nasema: tumieni vipimo hivyo. Je, Kristo aliyesulubiwa na kufufuka anahubiriwa hapo? Je, mnaweza kusema imani yenu bila kufungwa mdomo? Je, watoto wenu mnaweza kuwafundisha mlivyopokea? Kama ndiyo, msikimbie upesi. Kama siyo, tafuteni kanisa lingine, lakini tokeni kwa amani, mkiaga, bila laana. Wamethodisti wa Marekani wamelionja jambo hili: kati ya 2019 na 2023 makanisa ya mahali zaidi ya 7,600 yalitoka katika Kanisa la Muungano wa Methodisti, na mahali pengi majirani waliozikana kwa miaka arobaini sasa wanapita bila kusalimiana.

Sisi wakimbizi tunajua kutoka ni nini. Kuna kutoka ambako ni lazima, kwa sababu kubaki ni kifo. Hakuna awezaye kumlaumu aliyekimbia. Lakini tunajua pia kwamba wanaoachwa nyuma wakati wa kukimbia ni wazee, wagonjwa na wajawazito. Kanisa likigawanyika ni vivyo hivyo: wenye nguvu hupata jengo jipya na jina jipya, wanyonge hubaki njiani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwa hiyo kila ugomvi usiitwe vita.

Na kwa baba yetu mwenye wake wawili, shauri langu kwa komite ya wazee, ambayo ndiyo itakayoamua, ni hili. Tuwasikilize kwanza wale mama wawili, kila mmoja peke yake, na mama wa Kanisa wakiwapo. Yule baba aahidi mbele ya ushirika kwamba hataongeza mke. Asimtupe yeyote, wala asijifiche nyuma ya ubatizo kumkimbia mke aliyechoka naye. Asiwe mzee wala shemasi, kwa maana 1 Timotheo 3 inataka kiongozi awe mume wa mke mmoja. Watoto wote waandikwe katika kitabu cha Kanisa kwa jina la baba yao, bila alama ya kutofautisha. Kisha abatizwe, yeye na wote walioamini. Vijana wasikie siku hiyo hiyo, kutoka madhabahuni, kwamba njia ya Kristo ni mume mmoja na mke mmoja, ili asiwepo atakayesema Kanisa limefungua soko.

Najua wazee wengine hawatakubali. Waje na Biblia zao, tusomeane. Tumekwisha kupoteza nchi, mashamba na ng'ombe kwa watu waliokataa kukaa na wasiofanana nao. Tusiifundishe hekima hiyo hiyo kwa watoto wetu ndani ya nyumba ya Mungu.

Maswali ya kuzungumza jioni nyumbani:
1. Someni Warumi 14 na 1 Wakorintho 5. Ni nini kinachofanya Paulo abebe hapa na akatae pale?
2. Katika sheria zetu za Kanisa, ni nani anayelipa bila kuulizwa?
3. Ninyi akina baba, mkitaja fundisho la ndoa, wake zenu wanasikia nini?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo ikae pamoja nanyi, hapa Muyinga, na Gitega, na jamaa zetu waliotawanyika kila mahali.

Ndugu yenu katika huduma,
Mchungaji